Steroidi ya kuvuta: nani mwenye COPD anaihitaji?

Mwenye pumu akikosa steroidi ya kuvuta yuko hatarini. Mwenye COPD, ugonjwa sugu unaobana njia za hewa zisifunguke tena sawasawa, mara nyingi haihitaji. Dalili hufanana: kikohozi, kifua kulia kama filimbi, pumzi kukatika ukipanda kilima. Kwa hiyo wengi huandikiwa steroidi hizi, kama beklometasoni au budesonidi, kwa mazoea tu, na hilo linatusikitisha, maana dawa hii ina gharama yake mwilini.

COPD si ya wavuta sigara peke yao. Utafiti uliofanywa Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 16.2 ya waliopimwa, wote wa zaidi ya miaka 30, wanao ugonjwa huu, na wengi mno huko huvuta moshi wa kuni. Hauthibitishwi kwa kusikiliza kifua. Mgonjwa hupuliza kwenye mashine ya spairometri baada ya kuvuta salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya asilimia 70 ya hewa yote aliyoitoa, njia zimebanwa. Kabla ya hapo kohozi lipimwe kifua kikuu.

Matibabu huanza na dawa za kupanua njia za hewa zinazofanya kazi kwa muda mrefu. Steroidi hazipanui; hutuliza uvimbe unaoletwa na esinofili, aina moja ya chembe nyeupe za damu. Huongezwa kwa mgonjwa anayezidiwa mara mbili au zaidi kwa mwaka, au aliyelazwa hata mara moja, na idadi ya esinofili ndiyo inayoamua. Zikifika 300 kwa mikrolita ya damu, dawa ina nafasi kubwa ya kusaidia. Chini ya 100, faida ni ndogo mno. Katikati ya hapo, hufikiriwa kama mgonjwa bado anazidiwa huku akitumia aina mbili za dawa za kupanua. Mwenye COPD pamoja na pumu apewe bila kungoja hesabu hii.

Maabara ikiandika asilimia tu, zidisha: chembe nyeupe 6,000 zenye esinofili asilimia 4 ni 240.

Hapa kwetu namba hiyo inaweza kudanganya. Minyoo na kichocho, hasa kwa wanaoishi kando ya Ziwa Albert na Ziwa Victoria, hupandisha esinofili bila mapafu kuhusika. Mgonjwa atibiwe minyoo au kichocho kwanza, kisha kipimo kirudiwe baada ya miezi michache. Ukipima mapema mno unaweza kuzikuta zimepanda zaidi, kwa kuwa minyoo inayokufa nayo huzichochea. Vidonge vya prednisoloni hufanya kinyume, huzishusha, basi usipime mgonjwa akiwa bado anavimeza.

Hatari kubwa ni nimonia. Katika utafiti wa TORCH wa wagonjwa wa COPD, uliochapishwa mwaka 2007 na kudumu miaka mitatu, asilimia 18.3 ya waliotumia flutikasoni, steroidi nyingine ya kuvuta, peke yake waliugua nimonia, dhidi ya 12.3 ya waliopewa dawa isiyo na kitu. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, au anayepata nimonia mara kwa mara, apimiwe uamuzi huu kwa makini zaidi.

Anayetumia ARV zenye ritonavir amwambie daktari kabla ya kuandikiwa. Ritonavir huzuia ini kuvunja flutikasoni na budesonidi, dawa ikarundikana mwilini: uso hujaa, sukari hupanda, tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, husinzia. Beklometasoni ni salama zaidi kwake. Dolutegravir, ARV nyingine, haina tatizo hili.

Inhela itikiswe. Toa pumzi yote, bonyeza mara moja huku ukianza kuvuta polepole, zuia pumzi hesabu kumi, ngoja nusu dakika kabla ya kurudia. Spesa, chupa inayowekwa kati ya inhela na mdomo, hupunguza dawa inayobaki kooni. Kisha sukutua na uteme. Wasiosukutua wanaweza kuota utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti ikakwaruza.

Kama unaitumia tayari, usiiache mwenyewe nyumbani. Huenda una pumu isiyotambuliwa, au esinofili zako zimevuka 300, na hao ndio wanaozidiwa dawa inapoondolewa. Nenda na inhela yako kliniki, uulize ni kipimo gani kilichofanya uandikiwe.