Beki hazungushwi kama winga

Kila viporo vya ligi, yaani mechi zilizoahirishwa, vinapoanza kubanana, vijiweni hapa Mwanza huzuka hoja ile ile: kocha azungushe kikosi, wengine wapumzike wengine waingie, vijana wamechoka. Anayesema hivyo hajakosea. Timu ya huku kwetu ikicheza Dar es Salaam katikati ya wiki imekula zaidi ya kilomita 1,100 za lami kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, halafu Jumapili inatakiwa uwanjani Kirumba hapa Mwanza ikiwa na miguu mibichi. Ligi ya timu 16 ina mechi 30, na hapo hujaweka Kombe la FA. Miguu inachoka, hilo halina ubishi. Ninachobisha mimi ni kuzungusha timu nzima kwa kipimo kimoja, beki na winga wakahesabiwa sawa.

Mimi nafundisha mabeki. Jioni niko na vijana, tukipata zamu kwenye nyasi bandia za Nyamagana tunashukuru, tusipopata tunaenda kwenye vumbi. Usiku nakaa na video za mechi. Nikirudisha nyuma magoli tunayofungwa, machache sana ni ya beki aliyezidiwa uwezo peke yake. Mengi yanapita katikati ya mabeki wawili ambao kila mmoja alidhani mwenzake yupo.

Chukua krosi moja tu. Winga wao ana mpira upande wa namba mbili wetu, beki wa kulia. Namba mbili anatoka kwenda kumzuia, na nyuma yake panabaki uwazi wa hatua saba au nane. Hapo namba nne, beki wa kati, ana uamuzi: asogee kuziba ule uwazi, au abaki na straika. Akisogea, namba tano, mwenzake wa kati, naye lazima asogee, na namba tatu, beki wa kushoto, aingie ndani mpaka usawa wa nguzo ya mbali. Haya yote yanatakiwa yawe yamekwisha kabla winga hajainua kichwa. Namba nne aliyecheza na namba mbili huyo msimu mzima anajua kwamba jamaa hapitwi kirahisi upande wa nje, kwa hiyo anasogea kidogo tu, nusu mguu kwa straika, nusu kwa uwazi. Mgeni hajui. Kwa nia njema kabisa anakimbia hatua mbili zaidi kumsaidia mwenzake, krosi inapita juu yake, straika anapiga kichwa akiwa huru. Jukwaani wanampigia kelele namba tano, "umelala!", kwa sababu ndiye aliyeonekana karibu na mfungaji. Hakulala. Amefungwa na hatua mbili za mtu mwingine.

Weka na upepo. Alasiri upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na mpira mrefu unaopigwa dhidi yake unadondoka mapema kuliko beki alivyokadiria, ukipigwa na upepo mgongoni unampitiliza. Nani anaruka, nani anabaki kumfunika, kipa anatoka au anakaa? Kipa anapaza sauti "yangu!" au "panda!", lakini siku uwanja umejaa sauti haifiki, na wanaoelewana hawaihitaji. Dereva wa daladala ya Igoma hageuki kumtazama konda wake. Bodi ikigongwa tu, anaondoka. Mabadiliko ya beki ni kumpa dereva konda mpya katikati ya foleni ya Buzuruga.

Kwa winga mambo ni nafuu. Winga mgeni asipoelewana na straika, mpira unapotea, mnarudi kuutafuta. Mabeki wasipoelewana mnarudi kuanzia katikati ya uwanja.

Mfano wa karibu ni Simba. Msimu wa 2018/19 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikiwa imefungwa magoli 13 kwenye mechi sita za makundi, zikiwemo tano za AS Vita kule Kinshasa na tano za Al Ahly kule Misri. Iliponusurika ni nyumbani. Msimu wa 2020/21 ilirudi makundi, ikakutana tena na Al Ahly na AS Vita hao hao pamoja na El Merreikh, na safari hii ikaruhusu magoli mawili tu. Langoni alikuwa Aishi Manula. Pembeni Shomari Kapombe na Mohamed Hussein "Tshabalala", ambaye Simba ilimchukua Kagera Sugar ya huku ziwani mwaka 2014, wakati huo wakiwa wameshacheza pamoja misimu kadhaa. Katikati walisimama zaidi Pascal Wawa na Joash Onyango. Onyango alikuwa mpya, ametoka Gor Mahia mwaka 2020, lakini angalia alikowekwa: kati ya watu watatu waliokuwa wakijuana. Ukuta ukiingiza mgeni, aingie hivyo, mmoja tu kati ya wanaojuana. Nikiacha kumtaja Taddeo Lwanga, yule Mganda aliyekaa mbele yao kama kiungo mkabaji, nitakuwa nawapa mabeki sifa zote wakati nusu ya kazi ilimalizika kabla mpira haujawafikia.

Kisha robo fainali wakaenda Afrika Kusini, Kaizer Chiefs ikawapiga 4-0. Marudiano Dar wakashinda 3-0, haikutosha. Ukuta uliotulia nao unabomoka kwa siku moja. Asikudanganye mtu.

Arsenal ya 1990/91 ndiyo huwa natajiwa na wazee waliokuwa wakifuatilia mpira wa Uingereza kwenye redio. Magoli 18 katika mechi 38, wakapoteza mechi moja tu, wakachukua ubingwa. David Seaman, Lee Dixon, Nigel Winterburn na Steve Bould walicheza mechi zote 38 za ligi. Anayesahaulika ni nahodha wao, Tony Adams, beki wa kati, ambaye msimu huo huo alikosekana kwa wiki kadhaa kwa sababu alikuwa jela, kosa la kuendesha gari akiwa amelewa. Pengo likazibwa na wakongwe na wazoefu waliokuwa kikosini, na ukuta haukutikisika, kwa kuwa kilichobadilika kilikuwa kipande kimoja na vingine vinne, kipa akiwemo, vilibaki mahali pake.

Halafu ipo mechi inayonitoa jasho kila nikitetea hoja yangu. Tarehe 18 Mei 1994, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Athens. AC Milan walikuwa wamemaliza ligi ya Italia kwa kufungwa magoli 15 katika mechi 34, na kila mtu alijua siri yao ni Franco Baresi na Alessandro Costacurta pale kati. Wote wawili walikuwa na adhabu ya kadi. Mbele yao Barcelona ya Johan Cruyff, yenye Romário na Stoichkov. Kocha wa Milan, Fabio Capello, akamwingiza Filippo Galli, akamvuta Paolo Maldini kutoka kushoto kuja kati, kushoto akampa kijana Christian Panucci. Milan 4, Barcelona 0.

Ukiitazama harakaharaka, inasema majina si kitu. Mimi naiona tofauti kidogo. Galli hakuwa ametolewa barabarani. Alikuwa Milan tangu miaka ya themanini, amefanya mazoezi ya mstari ule ule, na watu wale wale, mamia ya jioni. Maldini na Mauro Tassotti wamekaa upande kwa upande tangu enzi za Arrigo Sacchi, kocha aliyemtangulia Capello. Kilichotulia pale kilikuwa utaratibu: mpira ukirudishwa nyuma mstari unapanda, ukipigwa mbele mstari unashuka, aliye karibu na mpira anatoka na watatu wanabana. Kikosi kilichofundishwa hivyo, hata benchi lake limetulia. Kwa timu nyingi za huku benchi linafanya mazoezi upande wa pili wa uwanja likivaa "bibs", vizibao vya mazoezi, na kucheza dhidi ya kikosi cha kwanza, kisha siku beki akiumia tunashangaa kwa nini aliyeingia anaonekana kama hajawahi kuona mpira.

Kuna na swali ambalo wachambuzi wa redio huliruka. Ni ukuta uliotulia ndio unaozuia magoli, au ni kutofungwa ndiko kunakoutuliza ukuta? Kocha gani anabadilisha mabeki walioshinda 1-0? Leicester City ya 2015/16, waliochukua ubingwa wa Uingereza, inatajwa sana: Wes Morgan alicheza kila dakika ya mechi 38, Kasper Schmeichel alikuwa langoni mechi zote, Robert Huth karibu zote. Sawa, lakini msimu ulipoanza mabeki wa pembeni walikuwa wengine, na timu ilikuwa inafungwa karibu kila wiki. Ilipochapwa 5-2 na Arsenal mwezi Septemba, kocha Claudio Ranieri akawaweka pembeni Danny Simpson na Christian Fuchs. Mechi ya kwanza ya ligi kumaliza bila kufungwa ilikuja Oktoba 24 dhidi ya Crystal Palace, na mzee akawapeleka vijana kula piza kama alivyowaahidi. Kwa hiyo alibadilisha kwanza, akapata wanne wanaofaa, ndipo akaacha kugusa. Kung'ang'ania ukuta mbovu kwa jina la utulivu ni ukaidi. Na Leicester ilikuwa na bahati ya afya pia, jambo ambalo Liverpool ya 2020/21 haikuwa nalo: Virgil van Dijk aliumia Oktoba, Joe Gomez Novemba, baadaye Joël Matip, wakawa wanabadilisha mabeki wa kati kila kukicha, wakapoteza mechi sita mfululizo za ligi nyumbani Anfield. Wakatulia na Nathaniel Phillips na Rhys Williams, ambao hakuna aliyekuwa akiwatazamia, wakashinda mechi tano za mwisho na kumaliza nafasi ya tatu.

Rafael Benítez ndiye aliyeitwa bingwa wa kuzungusha. Liverpool yake ilikwenda mechi 99 bila kurudia kikosi kile kile mara mbili mfululizo. Lakini katika miaka hiyo hiyo kipa wake Pepe Reina alichukua tuzo ya kipa aliyemaliza mechi nyingi zaidi za ligi bila kufungwa misimu mitatu mfululizo, na beki Jamie Carragher alikuwa haguswi ila kwa dharura. Mzee alizungusha, lakini alijua pa kutozungusha.

Kwa wiki yenye mechi tatu, mimi wa kwanza kuwapumzisha ni mabeki wa pembeni. Ndio wanaopanda na kushuka, na kuchoka kwao kunaonekana: anaanza kurudi kwa kutembea, krosi yake inakuwa fupi. Mmoja apumzike, si wote wawili siku moja. Beki wa kati hukimbia kilomita chache kuliko wachezaji wengi wa ndani, na akiwa mzima anaweza mechi tatu. Nikilazimika kumtoa mmoja, mwenzake na kipa wanabaki. Kubadilisha kipa na beki wa kati siku moja sikubali, hata kama mpinzani ni timu ya daraja la chini kwenye kombe.

Anayepata shida katika mpango huu ni beki wa tatu wa kati, kijana anayekaa benchi wiki baada ya wiki. Huyo namchanganya mazoezini, leo na namba nne, kesho na namba tano, na mabeki wote wanne wa mstari nawafunga kamba ya manila kiunoni, watembee na mpira kushoto, kulia, mpaka kamba isivutike. Kwenye mechi tunaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano, na makocha wengi nafasi zote wanazimalizia mbele. Mimi moja naiwekea huyo, dakika ya 70, tukiongoza kwa mawili, aingie pembeni ya mkongwe. Mashabiki huniuliza kwa nini namtoa beki mzima na winga anachechemea. Winga naye anatoka. Nafasi zipo tano.