Hamsini yako haijafa, shida ni hiyo 1.8

Wiki hii pekee wameshakuja wanne na lenzi za 50mm, sisi tunaziita hamsini. "Fundi, hamsini yangu imekufa, haishiki fokasi." Naipokea, naangalia vioo, naifunga kwenye bodi yangu (kamera bila lenzi), nalenga chupa ya maji pale mezani, inatoka shapu kama wembe. Halafu nauliza swali ambalo jibu lake nalijua, ulipiga na apacha ngapi, yaani tundu la kupitisha mwanga ulilifungua kiasi gani? "Moja nukta nane fundi, si ndo nimeinunulia hiyo?"

Hapo ndo huwa nachoka jamani. Nani aliwaambia ukinunua 50mm f/1.8 lazima uishi kwenye 1.8 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) asubuhi mpaka jioni? Kuna kijana wa Igoma, hapa Mwanza, alikuja na picha za send-off, zaidi ya mia tatu, bi harusi mtarajiwa hereni inang'aa mpaka unahesabu shanga ila jicho limelala kwenye ukungu, na familia ya mwenye shughuli inataka picha zake. Lenzi haikuwa na kosa hata moja.

Twende na hesabu. Kamera ya kropu (yenye sensa ndogo), hamsini, umesimama mita 1 kutoka usoni, f/1.8: sehemu inayotoka shapu ina kina cha kama sentimita 2.7 tu, mbele na nyuma ukijumlisha. Kutoka jichoni mpaka sikioni ni zaidi ya hapo mara kadhaa. Mtu akigeuza uso kidogo jicho la pili limeshatoka nje ya fokasi, na wewe mwenyewe ukipumua tu unayumba sentimita mbili, sasa ndo upige umesimama ndani ya mtumbwi pale Kirumba halafu ulaumu lenzi. Rudi mpaka mita 2, weka f/2.8, unapata kama sentimita 17, uso mzima umo, na kamera ukiisimamisha wima unamchukua mtu kichwa mpaka kiunoni. Bekigraundi bado inayeyuka vizuri, mradi umsogeze mtu wako mbali na ukuta, maana wengine mnambandika mteja kwenye geti halafu mnauliza mbona geti halijayeyuka.

Na mchana ndo balaa. Mwanza tuko karibu na ikweta, saa saba jua liko utosini, kwa ISO 100 (kipimo cha kamera kuitikia mwanga) ukifungua 1.8 unahitaji shata, yaani muda wa kupitisha mwanga, kama 1/8000 ya sekunde, na kamera nyingi za kuanzia zinaishia 1/4000. Kwa hiyo gauni jeupe pale Jiwe la Bismarck linaungua lote, kisha nasikia "hii lenzi inaleta weupe". Haileti weupe, umeilazimisha! Funga mpaka f/4, mtoe juani umweke kwenye kivuli cha mwamba (hili ni jiji la miamba, vivuli vipo bure), utaona.

Ushauri wangu ambao nimeshaurudia mpaka mke wangu anaujua: f/2.8, pointi moja ya fokasi, iweke kwenye jicho lililo karibu na wewe. Usiiachie kamera ichague pointi yenyewe, yenyewe inapenda kilicho mbele, yaani pua au shada la maua. 1.8 ni ya ukumbini taa zikiwa hafifu, hapo kweli inasaidia, kit lenzi (ile inayokuja na kamera) ikiwa 55mm inafunguka mpaka 5.6 tu na hamsini inapitisha mwanga karibu mara kumi ya hiyo.

Mengine nayapitia haraka. Eti ni bei ndogo kwa hiyo vioo ni takataka. Hapana, hamsini ni rahisi kuitengeneza, ile Canon EF ya STM ya 2015 ina vioo 6 tu na uzito wa gramu kama 160. Walichobana ni plastiki ya nje na kutoweka stabilaiza ya kutuliza mtikisiko, basi.

Eti kwenye kropu inageuka lenzi ndefu ya 80mm kwa hiyo haikuzi pua. Kropu inakata kingo za picha tu, pua inakuwa kubwa kwa sababu umemsogelea mtu mpaka anasikia ulichokula. Rudi nyuma.

Na wenye Nikon, ukinunua mtumba 50mm f/1.8D ukaifunga kwenye D3200 au D5300 haitafokasi yenyewe, maana ile lenzi haina mota ya kufokasi na hizo bodi nazo hazina. Siyo mbovu, zungusha kwa mkono au tafuta ya AF-S, yenye mota ndani.

Kabla hujaniletea, panga chupa tatu za soda mshazari, kamera iweke kwenye stendi, washa laivu vyuu (unaangalia kwenye skrini ya nyuma), f/1.8, lenga ya katikati. Ikitoka shapu vioo ni vizima. Kisha rudia kwa kuchungulia kwenye kitundu cha kuwekea jicho, safari hii ikishika chupa ya mbele au ya nyuma, na ukijaribu mara tano ni ileile, hapo sawa, njoo tuangalie, na uje na bodi pia siyo lenzi peke yake.