Gari la mbio la umeme: nguvu ya mota siyo siri yake

McMurtry Spéirling ni gari dogo la kiti kimoja, limeundwa Uingereza. Juni 2022 dereva Max Chilton alipanda nalo kilima cha Goodwood, njia ya mbio huko Uingereza, kwa sekunde 39.08, akaifuta rekodi ya 39.90 ambayo Volkswagen ID.R, nalo la umeme, iliiweka 2019. Tangu hapo maneno ni mengi. Haya ni baadhi yake, na ukweli wa kila moja.

"Lina kasi kwa sababu mota zake zina nguvu nyingi." Nguvu ipo, ila haina faida tairi lisiposhika lami. Piga hesabu: kutoka sifuri hadi kilomita 97 kwa saa ndani ya sekunde 1.5 hivi ni mchapuko wa karibu mara 1.8 ya mvutano wa dunia. Tairi la mbio likikandamizwa na uzito wa gari peke yake haliwezi hilo, tena hapa ni magurudumu ya nyuma tu yanayosukuma. Ongeza mota uone: utapata moshi. Kazi inafanywa na feni zilizomo ndani ya gari. Zinafyonza hewa chini ya sakafu, sketi za pembeni, yaani kingo zinazoziba pengo kati ya sakafu na lami, zinazuia ya nje isiingie, na gari linakandamizwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 2,000 hata likiwa limesimama. ID.R ilitegemea mabawa, na bawa halina msaada mpaka gari lichanganye.

"Feni ndizo zinazolivuta chini." Hapana, hewa ya juu ndiyo inayolisukuma. Chukua sakafu iliyozibwa ya mita 2.5 za mraba: kupata kilo hizo 2,000, shinikizo la chini yake linahitaji kushuka kwa chini ya asilimia 8. Kigumu ni sketi. Ikilika, au gari likipanda ukingo wa njia, hewa inaingia na mkandamizo unapotea katikati ya kona, bila dereva kupata dalili. Wazo lenyewe si geni: dereva Niki Lauda alishinda mbio za Formula 1 kwa Brabham BT46B yenye feni huko Anderstorp, Uswidi, 1978, na gari hilo halikushindana tena.

"Tatizo lake ni kuisha chaji." Kweli, betri ya kWh 60 ikitoa wastani wa kW 200 inakwisha kwa dakika 18. Lakini joto huweza kutangulia. Joto linalozalishwa na seli za betri hufuata mraba wa mkondo wa umeme: mkondo ukiwa mara mbili, joto mara nne. Seli zikikaribia 60°C, programu hubana nguvu na gari hupungua kasi ghafla. Ndiyo maana pampu ya kipozeo huachwa ikizunguka gari likirudi gereji, na chaji ya kasi husubiri betri ipoe.

"Mota zinafunga breki zenyewe." Kwa sehemu tu. Mota zikipunguza mwendo huzalisha umeme unaorudishwa kwenye betri. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudi, kwa hiyo ukianza na asilimia 100, breki za mzunguko wa kwanza zitakuwa tofauti na za mzunguko wa tano. Isitoshe, ukifunga breki uzito unahamia mbele, na mota ziko nyuma, kwa hiyo breki za kawaida za mbele bado zinahitajika.

"Limekatazwa barabarani kwa sababu ya kasi." Mambo ni ya kawaida zaidi: kupimwa usalama wake katika ajali, taa, vioo, na matairi ambayo ni vipara kwa makusudi. Sakafu nayo iko karibu mno na lami. Tuta moja tu lingeng'oa sketi zote.