Tabaka ni nini, na mtoto aelezweje?

Neno tabaka limetoka Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kitu kilicholala juu ya kingine. Anayechimba kisima huyaona matabaka: udongo mweusi juu, mfinyanzi chini yake, kisha mchanga wenye maji. Tabaka la kijamii ni kundi la watu waliokaa ngazi moja kwa mali, kazi, elimu na heshima wanayopewa. Si sawa na kipato. Kipato ni fedha inayoingia, na mwezi ujao inaweza kukatika. Tabaka mtoto hulikuta alipozaliwa, kabla hajafanya lolote.

Na huliona mapema kuliko tunavyodhani. Nenda kituoni Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi. Basi la njano la shule linasimama getini, dada wa kazi anampandisha mtoto na begi lake. Hatua chache mbele, wanafunzi wa shule ya serikali wanasukumana mlangoni mwa daladala, konda kaweka mkono: "Denti wawili tu!" Mtoto wako akiuliza mbona wengine wanaachwa, usimwambie anyamaze. Na tafadhali usimwambie wazazi wao ni wavivu. Mama anayechoma vitumbua tangu saa kumi alfajiri si mvivu.

Mweleze nauli. Mwanafunzi hulipa kidogo kuliko mtu mzima, na jioni dereva na konda wana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari. Kila denti anayepanda anawapunguzia. Hapo ataelewa kwamba hata konda anayefukuza watoto ana mtu juu yake. Kwangu somo hili linashinda mahubiri yote ya kuwahurumia maskini.

Akikua kidogo, mwonyeshe mji wenyewe. Wakoloni waliugawa: Oysterbay uzunguni, Upanga uhindini, Kariakoo uswahilini. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, ili wasigeuke tabaka la mabwana. Leo masharti hayo hayapo, na Oysterbay bado ni ya wenye nacho.

Swali litakalofuata ni "Na sisi je?" Mjibu bila kuficha: nyumba ni yetu au tumepanga, ada inatoka wapi, na baba alisomeshwa na nani.