Hema jepesi la mvua: anza na mlango, namba baadaye

Ukienda kutafuta hema jepesi la kubeba mgongoni, utaonyeshwa uzito kwanza, kisha ile namba ya milimita: 1,200, 2,000, 3,000. Namba hiyo ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kuhimili juu yake kabla matone hayajaanza kupenya. Paa la 1,200 likiwa bado jipya na limevutwa sawasawa, kwa kawaida linatosha kwa mvua ya usiku kucha. Sakafu ndiyo inayodai zaidi, maana goti la mtu hukandamiza kitambaa kwenye ardhi iliyolowa kwa nguvu ambayo tone la mvua halina. Hapo tafuta 3,000 au zaidi. Ukishapata hizo, achana na namba. Wengi wanaoamka wamelowa ndani ya hema zuri hawakuvujiwa na kitambaa: maji yaliingia mlangoni, yalipanda kutoka chini, au yalitoka kwenye pumzi zao wenyewe.

Kwa hiyo naanza na mlango. Simamisha hema kabla ya kulipa, fungua zipu yote ya nje, kisha ning'iniza uzi wenye ufunguo kutoka ncha ya juu kabisa ya uwazi huo. Ufunguo ukitua kwenye kibaraza, yaani nafasi iliyofunikwa kati ya mlango wa nje na sakafu ya ndani, vizuri. Ukitua juu ya sakafu ya ndani, ujue kila utakapotoka kujisaidia usiku mvua itaangukia mfuko wako wa kulalia. Mahema mepesi mengi hushindwa jaribio hili, kwa sababu njia rahisi ya kupunguza gramu ni kuulaza ukuta wa mlango na kufupisha kibaraza. Nacho kibaraza kiwe na nafasi ya buti, mkoba na koti linalochuruzika. Usikifanye jiko ukiwa umefunga kila kitu; kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu, na mtu hujikuta amezidiwa kabla hajashtuka.

Swali la pili: kipi husimama kwanza? Kuna mahema ambayo lazima usimamishe hema la ndani, ndipo ulitandazie turubai la nje. Mvua ikiwa inanyesha, dakika chache hizo zinatosha kulowesha sakafu. Mengine husimamishwa la nje kwanza, au yote mawili kwa pamoja yakiwa yameshikizwa. Kwa safari za mvua mimi huchagua hayo, hata yakizidi kwa gramu mia moja. Faida yake huonekana pia asubuhi: unalikunja la ndani likiwa kavu chini ya turubai, unalifungasha, halafu ndipo unaliangusha la nje na kulikung'uta.

Sasa hilo jasho la hema. Mtu aliyelala hutoa mvuke usiku kucha kwa pumzi na ngozi, na turubai la nje, likiwa limepoa, huugeuza kuwa matone. Hakuna kitambaa cha kuzuia hali hiyo. Dawa ni hewa kupita. Tafuta tundu la hewa juu, lililofunikwa kofia ya kukinga mvua, pamoja na upenyo wa sentimita tano hadi kumi kati ya ukingo wa turubai na ardhi. Tundu la juu peke yake halisaidii sana, kwa kuwa hewa haina pa kuingilia. Hema la tabaka moja ni jepesi kweli, lakini matone yakishajikusanya, mguu wa mfuko wa kulalia ukigusa ukuta unayafyonza yote. Ukilichagua, liwe refu: mtu wa sentimita 180 anahitaji urefu wa ndani wa karibu 220. Kwa siku kadhaa za mvua mfululizo nashauri tabaka mbili bila kusitasita. Kama eneo lina upepo, hema la ndani lisiwe neti tupu. Sehemu ya chini ya kuta iwe ya kitambaa, la sivyo matone yanayoruka kutoka ardhini yatakufikia usoni.

Kwenye kitambaa, nailoni iliyopakwa silikoni ni imara kwa uzito wake, ila hunywa maji kidogo na kunyumbuka. Ulivuta turubai jioni likakaza, usiku wa manane limelegea, paa limefanya bonde, maji yametuama na turubai limegusa la ndani. Toka ulikaze upya kabla ya kulala, na hakikisha kamba zina vikazio unavyoweza kuvisogeza kwa vidole vilivyokufa ganzi. Poliesta hailegei hivyo na huvumilia jua zaidi, ingawa kwa uzito uleule huchanika upesi zaidi. Kitambaa cha Dyneema, cha nyuzi za plastiki nyepesi na imara sana, hakinywi maji wala hakinyumbuki, lakini bei yake ni kubwa, na kikichomwa na mwiba utakiziba kwa kiraka cha gundi.

Mishono isisahaulike. Kitambaa chenye silikoni pande zote mbili hakishiki utepe wa kawaida wa kuziba mishono, kwa hiyo mara nyingi unauziwa hema ambalo kazi hiyo umeachiwa wewe. Simamisha hema likiwa kavu, lainisha gundi ya silikoni kwa kiyeyushi cha rangi hadi iwe kama ute wa yai, paka kwa brashi nyembamba upande wa nje, hasa pale kamba zilipoungwa, kisha acha ikauke usiku mzima.

Turubai dogo la kutandika chini ya sakafu liwe fupi kuliko sakafu kwa sentimita tano hivi kila upande. Likitokeza nje hupokea maji yote yanayoteremka ukutani na kuyapeleka chini yako, na hapo unaanza kulilaumu hema lisilo na kosa.

Uzito nao usomwe kwa akili. Mara nyingi namba ndogo ya kwenye karatasi haihesabu vigingi, kamba wala mifuko. Linganisha uzito wa vyote, kisha kumbuka kwamba turubai lililolowa linaweza kuongeza gramu mia kadhaa.

Ukifika nyumbani lianike hadi likauke kabisa, hata mikunjo ya zipu, ulihifadhi likiwa limelegea ndani ya mfuko mkubwa wa pamba. Utando wa poliyurethani, ambao mahema mengi huwa nao upande wa ndani, ukikaa na unyevu huoza polepole: hunata, hutoa harufu ya matapishi, kisha humenyuka vipande vipande. Ukifikia hapo haurekebishiki.