Fundi, usimbebe mtoto ukiwa na ovaroli: maswali mliyoniuliza kuhusu betri na oili chafu

Wiki iliyopita nilikaa na mafundi wa gereji za mtaani kwetu, wale wa betri, wa injini, na akina mama wanaopika pale pembeni. Nilienda niongee nusu saa tu, nikaja kuondoka saa kumi na moja jioni maana maswali hayakuisha na kila mtu alikuwa anaongea. Mengine sikuyajibu vizuri kwa hiyo nayajibu hapa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, siyo daktari, ila hili suala la risasi, yale madini ya kwenye betri, nimelifuatilia muda mrefu sana kwa sababu watoto wanaoumia wanaishi kwenye mitaa kama huu wetu.

Hivi kwenye betri kuna sumu gani, si maji tu yale?

Siyo maji ndugu yangu, ni asidi ya salfuriki, inatoboa nguo na ikikuingia machoni inaweza kukupofua. Ikikurukia mwaga maji mengi muda huohuo, dakika 20 bila kuacha, na kama ni machoni ukitoka hapo nenda hospitali hata kama unaona vizuri.

Lakini asidi angalau inakuwasha, unajua umeumia. Kinachonitisha mimi ni risasi, siyo ile ya bunduki, naongelea madini yenyewe, yale ya kijivu mnayoyatoa ndani mkishapasua betri. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Haina harufu, haiwashi, unaimeza na vumbi unaivuta na moshi na huhisi chochote. Na inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, yaani jiko la mkaa linatosha kabisa, ndiyo maana watu wanaiyeyushia uani nyumbani wapate vipande vya kuuza au chubwi za nyavu. Hiyo ya kuyeyusha nyumbani naomba iishe. Hakuna namna ya kuifanya salama uani.

Mimi nina miaka 30 kwenye betri, mbona mzima? (mzee wetu mmoja, na alisema kwa kujiamini)

Shikamoo mzee wangu. Namshukuru Mungu upo, ila naomba nikuulize, presha unapima? Maana kwa mtu mzima risasi inapandisha presha, inaharibu figo, inapunguza nguvu za mbegu za kiume, inaleta uchovu, maumivu ya tumbo, kukosa choo, na hayo yote mtu anasema ni uzee au ni mawazo. Halafu haiondoki haraka, kwenye damu inapungua baada ya wiki kadhaa lakini siyo kwamba yote imetoka, nyingine imehamia kwenye mifupa na huko inakaa miaka na miaka.

Na kingine mzee, wewe ulianza ukiwa mtu mzima. Mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile ulichomeza wewe mwili wake unanyonya mara 4 hadi 5 zaidi, na ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haugui ghafla ukaona, anakuwa tu mzito darasani, hasikii vizuri, anasahau, ana hasira, na sisi tunamchapa tunasema hana akili.

Sasa itamfikiaje mtoto wakati haji gereji?

Hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote. Inamfikia kupitia wewe baba. Unatoka kazini na ovaroli ileile, unapanda bodaboda, unafika mlangoni mtoto anakimbia anakurukia, unambeba, anaweka uso kwenye kifua chako chenye vumbi la betri. Halafu unakaa kwenye kochi. Halafu ovaroli inaenda kuloekwa beseni moja na nguo za shule. Kwa mtoto anayetambaa ni mbaya zaidi kwa sababu kila kitu anachogusa sakafuni kinaishia mdomoni.

Siwatishi bure. Senegal, pale Thiaroye sur Mer nje kidogo ya Dakar, kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 walikufa watoto 18 kwa sumu ya risasi. Hakukuwa na mlipuko wala kiwanda kikubwa, ni watu wa kawaida tu walikuwa wanafungua betri kuukuu mtaani, mchanga ukajaa risasi, na wengine wakawa wanaubeba huo mchanga na kuuchekecha waokote vipande wauze. Na hapa jirani Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa ubavuni mwa makazi ya watu, mama mmoja aliyekuwa anafanya kazi pale, Phyllis Omido, mwanae mchanga akakutwa na risasi mwilini, iliyompitia kwenye maziwa ya mama yake. Alipigana mpaka kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikapinduliwa kwenye rufaa, ikarudishwa Desemba 2024. Hesabu hiyo miaka, mtoto wa wakati ule sasa hivi ni kijana mkubwa.

Kwa hiyo cha kufanya, na karibu vyote havina gharama. Nguo za kazi zibaki gereji, zifungie kwenye mfuko, na viatu vilevile. Oga hapohapo kama kuna bomba, kama hakuna nawa mikono, uso na nywele kwa sabuni, ukifika nyumbani oga kabla hujamgusa mtu. Ovaroli ifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe pale watoto wanapochezea. Gereji usifagie kikavu, nyunyiza maji kwanza, maana ufagio mkavu unarusha vumbi linaingia puani kwako na kwenye sahani ya jirani. Sigara na chapati visishikwe na mkono ambao haujanawa. Na betri iliyokufa usiipasue wala usimwage asidi mtaroni, iuze nzima ikiwa imesimama, kwa mnunuzi mwenye kibali cha mamlaka ya serikali ya usimamizi wa mazingira. Najua wengine wa skrepa wanataka uimwage kwanza ndiyo wapime, mkataeni kwa pamoja, mmoja akikataa wataenda kwa jirani lakini gereji zote zikikataa watanunua tu. Kuna aliyesema anaweka majivu kwenye asidi inatulia, ni kweli ukali unapungua, ila risasi bado imo humohumo.

Maziwa si yanatoa sumu? Tunakunywa kila siku pakiti moja.

Hapana. Nimelisikia hili kwa mafundi rangi, kwa wachomeleaji, kwa kila mtu, na linaniumiza kwa sababu mtu anakunywa maziwa halafu anajiona amekingwa anaendelea kula bila kunawa. Maziwa hayaitoi risasi iliyokwishaingia. Kilicho kweli ni kwamba mwili wenye upungufu wa kalsiamu na madini chuma unanyonya risasi zaidi, na ukienda kazini na njaa pia unanyonya zaidi. Kwa hiyo kula asubuhi kabla ya kazi, dagaa, maharage, mboga za majani, na maziwa kama unayo, hasa watoto. Lakini ni msaada mdogo, kinga yenyewe ni ile ya kunawa na kubadili nguo.

Mimi napika wali hapo jirani na fundi betri, nifanyeje, siwezi kuhama. (mama ntilie)

Nakuelewa mama, wateja wako ndiyo haohao. Kama unaweza kusogea hata upande ambao upepo hautoki kwake, sogea. Vyombo na chakula vifunikwe muda wote, meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na weka ndoo ya kunawia na sabuni kabla ya sahani, mwambie fundi bila kunawa hali kwako. Mtoto mdogo usije naye pale. Na kuni zako zisiwe vipande vya mbao zenye rangi kuukuu wala vifuniko vya betri, kuna watu wanavichoma kuwashia moto na moshi wake unaingia moja kwa moja kwenye sufuria.

Oili chafu tunamwaga chini kuzuia vumbi, ina shida?

Ina shida kubwa. Oili iliyotembea kwenye injini imebeba metali na masizi, na ikigusa ngozi kila siku miaka mingi inahusishwa na saratani ya ngozi. Ukiimwaga chini mvua inaipeleka mtaroni, mtaro unaipeleka mtoni au kwenye kisima cha mtu. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba lita 1 inatosha kuharibu maji lita milioni 1, na gari dogo likibadilishwa oili zinatoka kama lita 4. Piga hesabu ya gereji yenu kwa siku. Nunueni pipa moja mchange, lenye mfuniko, liwekwe juu ya sakafu ya simenti kwenye kivuli, mkinge na beseni, mmimine kwa faneli, na msichanganye na petroli wala maji ya breki kwa sababu mkichanganya mkusanyaji hataichukua. Likijaa linauzwa, kwa hiyo kinachomwagwa sasa hivi ni hela. Ya kupaka mbao kuzuia mchwa, basi iwe nguzo za nje tu, kitanda na kenchi za chumba cha kulala hapana.

Na kunawa na petroli?

Acheni, na kunyonya kwa mdomo kwenye mpira ndiyo kabisa. Petroli ina benzini ambayo inasababisha saratani ya damu, na inapita kwenye ngozi. Grisi inatoka kwa mafuta ya kupikia kidogo, unasugua na maranda laini ya mbao au sukari, halafu sabuni na maji. Jaribuni wiki moja.

Kuchoma waya kupata kopa?

Moshi wa plastiki ya waya ni sumu kali sana, unaleta kemikali zinazoitwa dioksini, na jirani zako hawajaomba kuuvuta. Menya kwa kisu. Inachukua muda lakini kopa iliyomenywa ni safi na inauzika vizuri.

Mke wangu ni mjamzito, nampima wapi?

Asante kwa kuuliza hili, ulinisubiri mpaka wenzako wameondoka na nimelikumbuka. Risasi inapita kondo la nyuma inamfikia mtoto, na hata ile ya zamani iliyokaa kwenye mifupa ya mama inaweza kutoka wakati wa ujauzito. Kipimo ni cha damu, na zahanati yetu haina, kwa hiyo kliniki ijayo mwende wote wawili, mmwambie nesi wazi kwamba baba ni fundi betri, maana wasipojua kazi yako hawatawaza risasi. Waombe rufaa ya hospitali kubwa wanakoweza kutuma sampuli maabara. Majibu yakifika mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, WHO wanataka chanzo kitafutwe na kizuiwe. Wewe chanzo unakijua tayari, usisubiri majibu, ovaroli ianze kubaki gereji leo hii.