Je, CV ndefu ndiyo yenye nguvu?

Wengi huamini kwamba CV ikijaa kurasa nne au tano, yenye kila semina na kila shule kuanzia ya msingi, mwombaji ataonekana mzoefu. Imani hiyo ina chanzo: kazi za uhadhiri na utafiti huhitaji orodha kamili ya machapisho, na hapo urefu ni halali.

Kwingineko, anayechambua maombi kwa kawaida huanza kwa kupitisha macho haraka, akitafuta sifa zilizotajwa kwenye tangazo. Ukurasa mmoja au miwili mara nyingi hutosha. Uzito umo kwenye sentensi yenyewe. "Nilihusika na masuala ya stoo" haisemi kitu. "Nilihesabu mzigo kila Ijumaa na kuandaa oda za matawi 3" inaonyesha kazi iliyofanyika. (Hobi nazo? Ziache, isipokuwa zinagusa kazi unayoomba.)

Jipime mwenyewe. Pigia mstari kila sifa kwenye tangazo, kisha itafute katika nusu ya juu ya ukurasa wako wa kwanza. Halafu nakili maandishi yote ya CV, uyabandike kwenye faili tupu lisilo na mapambo. Yakivurugika, huenda programu za kuchuja maombi nazo zinayasoma hivyo hivyo.